Kupanda na Kushuka kwa Margaret Lockwood



Katika shule yetu ni desturi kila mwisho wa mwaka watoto kucheza mchezo wa kuigiza mbele ya wazazi wao. Miaka michache iliyopita tulichagua habari za Mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, na msichana mmoja wa darasa la saba akapewa sehemu ya Yezebeli. Alicheza vizuri mno. Alipomwinamia mfalme aliyenuna kitandani, akamwahidi lile shamba kwa sauti ya upole, akina mama waliokaa safu ya mbele walishika vifua. Lakini tangu siku ile kila alipokwenda kisimani aliitwa Yezebeli. Mwaka uliofuata sisi walimu tuliogopa maneno ya watu, tukampa kazi ya kusimama mlangoni ameshika taa, pasipo kutamka neno. Mchezo ulipokwisha mzee mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, yule binti aliyekuwa hodari, naona kipaji chake kimekwisha." Sikumjibu kitu.

Maneno ya mzee yule yamenirudia mwaka huu nilipotazama filamu kadha wa kadha za mchezaji wa Uingereza, marehemu Margaret Lockwood. Bibi huyu katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, na baada yake kidogo, alipendwa nchini mwake kuliko karibu wachezaji wote wa kike. Naye kabla hajatimiza umri wa miaka arobaini sinema zilikuwa zimekwisha kumwacha. Watu wasimuliao habari zake hupenda kukata shauri upesi. Wengine husema, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Wengine husema kwamba alizidi kuonyesha wanawake waovu, na uovu ule ukamgeukia mwenyewe. Mimi naona mashauri haya mawili hayatoshi, na tena yanamdhulumu mtu. Nataka tuyapime kwa kuzitazama kazi zake zenyewe.

Kuinuka kwake

Margaret Lockwood alizaliwa tarehe 15 Septemba 1916 huko Karachi, mji ambao wakati ule ulikuwa katika Bara Hindi chini ya utawala wa Waingereza, na sasa u katika nchi ya Pakistan. Baba yake alikuwa na cheo katika kazi ya reli. Angali mtoto mdogo alipelekwa Uingereza pamoja na mama yake, akakulia London. Alifundishwa kuigiza tangu utoto, kisha akaingia katika chuo mashuhuri cha uigizaji kiitwacho Royal Academy of Dramatic Art. Alianza kuonekana katika filamu kabla hajatimiza miaka ishirini. Nayasema haya ili msomaji ajue ya kuwa hakuokotwa njiani kwa ajili ya uso mzuri tu. Alijifunza kazi yake kama seremala ajifunzavyo kushika randa.

Jina lake lilienea mwaka wa 1938 kwa filamu iitwayo The Lady Vanishes, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Hadithi yake ni hii. Msichana wa Kiingereza, jina lake Iris, yumo safarini katika gari la moshi, anarudi kwao kuolewa. Kabla ya kupanda gari ameangukiwa kichwani na chombo cha maua. Ndani ya gari anafanya urafiki na bibi mmoja mzee, Miss Froy, nao wanakunywa chai pamoja. Iris anapatwa na usingizi. Anapoamka, bibi mzee hayupo, na kila abiria anayeulizwa husema kwamba hakumwona bibi wa namna hiyo kabisa. Daktari aliyemo garini anamweleza kwa upole ya kuwa ni lile pigo la kichwa, ya kuwa Miss Froy hakuwako. Kijana mmoja tu, ambaye hapo kwanza waligombana, ndiye anayekubali kumsaidia kutafuta.

Ugumu wa sehemu ile ni huu: yampasa mchezaji kutufanya tumwamini mtu ambaye wote wanamwita aliyechanganyikiwa. Akipiga kelele mno, tutakuwa upande wa daktari. Akitulia mno, tutamsahau bibi mzee. Bibi Lockwood anashika katikati. Mara kwa mara twamwona akianza kukubali, akijiuliza kama kweli ni kichwa chake kilichomdanganya. Kisha analiona jina la Froy ambalo bibi yule aliliandika kwa kidole katika kioo cha dirisha, nalo laanza kupotea, na mara anasimama tena mbele ya watu wote na kusema ukweli wake. Mtu yeyote aliyewahi kusema kweli barazani na asiaminiwe, atamfahamu Iris pasipo kufasiriwa.

Mwaka wa 1939 alikwenda Hollywood, Marekani, akacheza katika filamu mbili ambazo hazikumwongezea kitu, akarudi kwao. Ndipo akacheza katika The Stars Look Down, filamu ya Carol Reed iliyotoka mwaka wa 1940, juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Humo alikuwa Jenny, mke mchoyo anayemvuta mumewe aache masomo yake na kusudi lake jema. Hapo ndipo mlango mpya ulipofunguka. Watu wakagundua kwamba msichana huyu mwenye uso wa wema aweza kuonyesha moyo usio na wema, na asionekane kama shetani wa kuchorwa ukutani, bali kama jirani yetu.

Mwanamke mwovu na umati wa vita

Hatuwezi kuelewa yaliyofuata tusipokumbuka hali ya Uingereza wakati ule. Miji ililipuliwa kwa mabomu. Tangu Desemba 1941 sheria iliwaita hata wanawake vijana wasioolewa kuingia katika kazi za vita, viwandani na jeshini. Nguo zilitolewa kwa kuponi tangu mwaka ule wa 1941, na kuponi zile hazikukoma mpaka mwaka wa 1949. Mwanamke aliyeshinda kutwa nzima mbele ya mashine, amevaa nguo ile ile ya jana na juzi, jioni alikwenda sinema.

Kampuni ya Gainsborough ya London ilimfahamu mwanamke huyu. Mwaka wa 1943 ilitoa The Man in Grey, hadithi ya zamani za makabaila na magari ya farasi. Ndani yake Bibi Lockwood ni Hesther, msichana maskini aliyepokewa shuleni kwa hisani, akapendwa na msichana tajiri aitwaye Clarissa. Hesther anamlipa rafiki yake uovu kwa wema. Hata mwisho, Clarissa anapokuwa mgonjwa kitandani, Hesther anafungua madirisha usiku wa dhoruba ili baridi imwue. James Mason alikuwa bwana wa nyumba, mtu mkatili aliyempiga Hesther mpaka akafa. Wahakiki wa magazeti walicheka filamu hii. Watu wakajaa milangoni.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1945, ikatoka The Wicked Lady, na hii ndiyo iliyompandisha juu kabisa. Barbara anaalikwa harusini kwa ndugu yake Caroline, naye anamnyang'anya bwana harusi. Akiisha kuwa bibi wa nyumba kubwa huko mashamba, anachoka na utulivu wake. Siku moja anapoteza johari ya mama yake katika mchezo wa karata. Usiku anavaa nguo za kiume na kifuniko cha uso, anachukua bastola, anaizuia njiani gari ya aliyemshinda, anairudisha johari yake. Kumbe ameonja kitu ambacho hatakiacha tena. Anakuwa mnyang'anyi wa njia kuu, anaua, anamsaliti mnyang'anyi mwenzake, naye mwisho anapigwa risasi na mtu yule yule ampendaye, ambaye hakumjua chini ya kifuniko, na anakufa peke yake.

Filamu hii iliongoza nchini Uingereza mwaka wa 1946. British Film Institute, chama kinachotunza historia ya filamu huko, kilipofanya hesabu ya filamu zilizotazamwa na watu wengi kupita zote katika nchi ile, kiliiweka hii mahali pa tisa, kikakadiria kwamba tikiti 18,400,000 zilikatwa kwa ajili yake. Gazeti la Daily Mail liliwauliza wasomaji wake ni mchezaji gani wa kike aliye bora, na kwa miaka mitatu, 1946 hata 1948, tuzo ilimwendea Margaret Lockwood. Huko Marekani wakaguzi walilalamikia magauni yaliyokatwa chini mno kifuani, ikabidi sehemu kadhaa zipigwe upya.

Msomaji ataniuliza, "Mwalimu, je, wewe wasifu hadithi ya mwizi na mwuaji?" Nami najibu: natazama kwanza inafanya nini. Katika filamu hii yumo mtumishi mzee wa nyumba, Hogarth, mtu wa kusali. Anapoigundua siri ya Barbara hakimbilii kumshtaki. Anamtaka atubu. Barbara anajifanya ametubu, anasikiliza maonyo ya mzee, anakuwa mpole kuliko watumishi wote, na huku anamtilia sumu kidogo kidogo. Sijaona mahali pengi palipoonyesha unafiki wa dini waziwazi namna hii. Mahubiri mengi hutuambia kwamba mnafiki ni mbaya. Bibi Lockwood anatuonyesha kwamba mnafiki anaonekana mzuri, na hapo ndipo penye hatari. Kama angecheza kwa kukunja uso na kukodoa macho, mtoto yeyote angemtambua, nasi tusingejifunza kitu.

Walakini nisifiche kasoro. Hadithi yenyewe inakimbia mno, maneno mengine ni ya kuchekesha pasipo kukusudia, na wema wote waliomo humo, Caroline na mume wa Barbara, ni kama watu waliochongwa kwa ubao. Uzito wote umebebwa na mtu mmoja. Aliye hai ni mwovu peke yake, na hili ni kosa la mwandishi wa hadithi, si la mchezaji.

Kwa nini alishuka

Tufike sasa penye swali letu. Baada ya Jassy ya mwaka wa 1947, filamu yake ya kwanza ya rangi, mambo yake yalianza kwenda upande. Look Before You Love ya 1948 haikusifiwa. Cardboard Cavalier ya 1949, ambayo ilitaka kuchekesha watu kwa mambo ya kale, ilianguka. Mwaka wa 1950 alicheza katika Highly Dangerous. Mwaka wa 1952 alifanya mapatano na mtengenezaji mwingine, Herbert Wilcox, akacheza katika filamu zake tatu: Trent's Last Case, Laughing Anne na Trouble in the Glen. Hakuna hata moja iliyorudisha umati wa zamani.

Wasemao kwamba sehemu za uovu ndizo zilizomwangusha, nawauliza neno moja. James Mason je? Katika filamu zile zile alikuwa mkatili na mnyang'anyi. Alizaliwa mwaka wa 1909, kwa hiyo alikuwa mkubwa wa Bibi Lockwood kwa miaka saba. Baada ya kumpiga Hesther hata kufa alihamia Marekani, akapewa hadithi za kila namna, akaendelea kuheshimiwa mpaka alipokufa mwaka wa 1984. Kama uovu wa mchezoni hupasua ngoma, mbona ngoma ya mwanamume haikupasuka? Basi shauri lile haliwezi kusimama.

Mimi naona ziko sababu tatu za kweli.

Kwanza, watu waliomjua waliondoka. Gainsborough ilikuwa imeongozwa na Edward Black na Maurice Ostrer, watu waliofahamu wapendavyo watazamaji wa kawaida, hawakuona haya kuwapa. Black aliondoka wakati wa vita, Ostrer akaondoka mwaka wa 1946. Kampuni ilikuwa mali ya J. Arthur Rank, tajiri aliyeshika sehemu kubwa ya sinema za Uingereza, naye alimweka Sydney Box kuiongoza, tena akamtaka atoe filamu nyingi kwa haraka.

Pili, ilikuja vita ya biashara. Mwezi wa Agosti 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa dola, ilitoza filamu za kigeni kodi ya asilimia 75. Kampuni za Marekani zikakataa kupeleka filamu mpya. Rank akadhani amepata nafasi, akatia fedha nyingi katika kutengeneza filamu ili kujaza pengo. Lakini mwaka wa 1948 serikali ikapatana na Wamarekani, na filamu zao zilizokuwa zimezuiliwa zikamiminika kama maji ya mto uliovunja kingo. Filamu za Kiingereza zilizotengenezwa mbio mbio zikashindwa. Kufika mwaka wa 1949 Rank alikuwa na deni la paundi milioni 16, na studio za Gainsborough zikafungwa. Mchezaji aliyefungwa kwa mkataba na nyumba inayoungua hawezi kuchagua chumba cha kulala.

Tatu, watu wenyewe waliacha kwenda sinema. Mwaka wa 1946 tikiti zilizokatwa Uingereza zilikuwa 1,635,000,000. Mwaka wa 1956 zilikuwa 1,101,000,000. Mwaka wa 1960 zilikuwa 501,000,000 tu. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani. Msichana wa kiwandani aliyesimama katika mstari wa tikiti mwaka wa 1945 sasa alikuwa mama wa watoto, na jioni alikaa kwake.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hii twazoea kumpiga nayo mchezaji: alisifiwa, akalegea. Walakini tuangalie ni nani mgema hapa. Mgema ni yule anayepanda mnazi na kuleta tembo, yaani wenye kampuni, wanaochagua hadithi na mwongozaji na siku za kazi. Mchezaji ndiye anayemimina katika vikombe mbele ya wageni. Tembo likiwa na maji, wageni humwangalia aliyeshika kibuyu.

Sisemi kwamba yeye hakuwa na upungufu. Alipopewa mwanamke aliye mwema tu, asiye na siri yoyote moyoni, alionekana kama mtu anayengoja gari stesheni. Tena yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuwa mwovu. Alimwomba Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, amwandikie mchezo ambao ndani yake asiwe mbaya. Christie akamwandikia Spider's Web, mchezo wa kuchekesha, nao ulianza kuonyeshwa London mwaka wa 1954 ukapendwa sana. Hata hilo lathibitisha neno langu: alipopewa kazi iliyoshonwa kwa kipimo chake, watu walikuja.

Kazi bora ambayo wachache waliitazama

Ushahidi wangu mkubwa ni Cast a Dark Shadow, filamu iliyoongozwa na Lewis Gilbert mwaka wa 1955. Kijana mzuri wa sura, Teddy Bare, aliyechezwa na Dirk Bogarde, amemwua mke wake mzee kwa ajili ya fedha, akaambulia nyumba tu. Anatafuta mjane mwingine. Anampata Freda, aliyekuwa mhudumu wa baa, ambaye mumewe mwenye baa amekufa na kumwachia mali. Huyu Freda ndiye Bibi Lockwood.

Mtu aliyemzoea Barbara hatamtambua. Hana magauni ya kifalme. Anacheka kwa sauti kubwa, anasema maneno ya sokoni, anapenda kinywaji chake, naye hana haya kuonekana mwanamke wa makamo. Tena ana akili. Teddy anapomwoa akitumaini kumla, anakuta kwamba Freda hatoi senti moja ambayo mume naye hajaitoa ya kwake. Mwuaji amekutana na mke anayejua hesabu. Twacheka, kisha twaona kwamba mwanamke huyu hodari anampenda kijana yule kwa kweli, na kwamba mapenzi hayo ndiyo mlango mmoja ambao hakuufunga kwa kufuli. Pale anapoanza kumjua mumewe alivyo, uso wake unageuka polepole, sauti ile kubwa inapungua, na mtazamaji anamhurumia mtu ambaye mwanzoni alimwona wa kuchekesha. Katika filamu zake nilizozitazama, sikuona kazi nzuri kupita hii. Wenye kazi ya filamu Uingereza walilitia jina lake kati ya wachache waliopendekezwa kwa tuzo ya mchezaji bora wa kike wa Kiingereza wa mwaka ule.

Lakini umati haukuja. Waliotaka kumwona Barbara hawakutaka kumwona Freda. Hakuonekana tena katika filamu ya sinema mpaka mwaka wa 1976, yaani miaka 21, alipocheza mama wa kambo katika The Slipper and the Rose. Katika muda huo hakukaa bure. Alicheza katika majumba ya michezo, na tangu mwaka wa 1971 hata 1974 alikuwa wakili Harriet Peterson katika mfululizo wa televisheni ulioitwa Justice, akaingia tena majumbani mwa watu, safari hii amevaa joho la mahakama. Mwaka wa 1981 alipewa na Malkia nishani ya C.B.E. Miaka yake ya mwisho aliishi faraghani, mbali na watu, akafa London tarehe 15 Julai 1990, umri wake miaka 73.

Basi, wasomaji, tuangalie tarehe hizi mbili. Mwaka wa 1946 alikuwa juu kabisa kwa sifa, na kazi iliyompa sifa ile ilikuwa nzuri nusu. Mwaka wa 1955 alikuwa chini kwa sifa, na kazi yake ilikuwa nzuri kamili. Anayehesabu watu mlangoni atasema alishuka. Anayetazama kazi yenyewe atasema alikuwa akiendelea kupanda, ila ngazi iliondolewa. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mtu fulani kipaji chake kimekwisha, iwe ni mchezaji, au mwimbishaji wa kwaya, au fundi, yatupasa kuuliza kwanza: amepewa kazi gani siku hizi, na ni nani aliyempa?

Yule msichana wetu amekwisha maliza shule, amehamia kwa mjomba wake, nami sikupata kumwambia ya kuwa mwaka ule wa taa ulikuwa ni hofu yetu sisi, haukuwa upungufu wake. Mwaka huu tunacheza habari za Malkia Esta. Yuko mvulana anayefaa sana kuwa Hamani, lakini mama yake alikuja kwangu juma lililopita akauliza kama mwanawe hataitwa Hamani maisha yake yote. Nimemwahidi mambo mawili. Siku ya mchezo, kabla watoto hawajatoka, nitasimama mbele ya wazazi na kuwaeleza kwamba anayeonyesha ubaya vizuri anatufanyia kazi njema, na jina lake ni lile alilobatizwa. Na mwaka ujao mvulana huyu atapewa sehemu ya namna nyingine, yenye maneno ya kutosha. Mama yule amekubali. Mazoezi yanaanza Jumatatu.